Kuandika hadithi za kubuni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na kazi inayonilisha ni cherehani. Pembeni mwa kazi hiyo nimeandika riwaya mbili na hadithi fupi kadhaa, zote kwa Kiswahili. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa na wanafunzi, na wateja wanaosubiri nguo zao, na vijana wanaoniletea madaftari yao wakitaka niyasome. Nimeyajibu kadiri nilivyoyapitia mwenyewe, na pale nilipo na msimamo nimeusema bila kuuzungusha.

Mawazo ya hadithi unayapata wapi?

Hili huwa swali la kwanza, na nadhani anayeuliza hutarajia nitaje ndoto. Nitasimulia ilivyokuwa mara moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa stendi ya Kange nikisubiri basi la kwenda Korogwe, na karibu yangu alikuwapo mzee mmoja aliyekaa juu ya godoro jipya lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani, nailoni yake bado haijatolewa. Basi la Lushoto likaja, likajaa, likaondoka, naye hakunyanyuka. Likaja la pili, kondakta akamsemesha, naye akatikisa kichwa. La tatu lilipokuja alisimama, akalifuta godoro vumbi kwa kiganja, kisha akaketi tena. Basi langu lilifika nikapanda, na njia nzima nilijiuliza anamsubiri nani, na kwa nini godoro, na kwa nini alifute vumbi ilhali hakukusudia kusafiri.

Kwangu mimi wazo la hadithi ni kitu cha namna hiyo: jambo dogo nililoliona kwa macho, ambalo maelezo yake ya kawaida hayanitoshi. Lau ningeambiwa pale pale kwamba mzee yule ni mchuuzi wa magodoro, hadithi ingekufa kabla hatujafika Pongwe. Kwa sababu hiyo nawashauri wanaoanza wasitafute mada. Anayekaa chini kuandika hadithi kuhusu rushwa, au kuhusu umuhimu wa elimu, mara nyingi jibu analo tayari, na msomaji hulinusa tangu ukurasa wa pili. Rushwa itaingia yenyewe pindi kondakta atakapokutana na askari wa barabarani.

Je, ni lazima nisubiri ilhamu?

Hapana. Ilhamu hunijia, lakini hunikuta nimeshakaa, na aghalabu huja baada ya dakika arobaini za kuandika upuuzi.

Nipange hadithi nzima kwanza, au nianze tu kuandika?

Inategemea unaandika nini. Anayeandika riwaya ya upelelezi hana budi kumjua mhalifu kabla ya sura ya kwanza, kwa sababu dalili lazima zitawanywe mapema na zifichwe katikati ya mambo mengine yanayoonekana hayana maana. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, hakuweza kuifanya kazi ile kwa kubahatisha. Kwa hadithi za aina nyingine mimi huandika ukurasa mmoja tu wa mpango, nao huwa na mambo matatu: mhusika anataka nini, nani au nini kinamzuia, na picha moja ya mwisho ambayo naweza kuiona hata kama sijajua tutaifikiaje. Mpango ukizidi hapo hunichosha, kwa kuwa nikishajisimulia hadithi yote sina tena hamu ya kuiandika.

Kuna ugumu wowote unaotokana na lugha ya Kiswahili yenyewe?

Upo, na ninashangaa kwamba hauzungumzwi vya kutosha, kwani mafunzo mengi ya uandishi tunayoyapata yametungwa kwa kufuata lugha nyingine. Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni -ka-. Kila aliyekua akisimuliwa hadithi na bibi yake anajua raha ya "akaamka, akanawa, akavaa, akatoka", na mdomoni huo mfuatano ni mtamu kwa sababu bibi alikuwa na sauti, mikono na macho ya kuonyesha palipo pazito. Kwenye karatasi sauti haipo. Vitenzi ishirini vyenye -ka- hupita kama mabehewa ya treni ya mizigo, kila moja sawa na jingine, na msomaji hajui asimame wapi. Hapo ndipo inafaa kuurudia wakati wa -li- ili kulikata tukio na kulipa uzito, au kutumia -ki- kwa jambo linaloendelea nyuma ya tukio. "Aliingia. Mama yake alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa." Sentensi hizo hazina -ka- hata moja, na ukimya uliomo chumbani unasikika.

La pili ni viambishi vya nafsi. Tunapoandika "Rehema alimwambia Zuhura kwamba mumewe amerudi", mume huyo ni wa nani? Katika mazungumzo ya barazani hakuna anayepotea, kwa kuwa wote wanawafahamu wahusika, lakini msomaji hana msaada huo. Dawa rahisi niliyoipata ni kuiacha kauli ya taarifa na kumpa mhusika kinywa chake: "Shoga, mumeo amerudi." Utata umeisha, na pia tumejua wanawake hawa ni marafiki. Viambishi hivyo hivyo vina neema yake, kwani a- na m- havisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Msimulizi mwenye nia ya kuficha anaweza kumtembeza mhusika kurasa kumi bila kufichua jinsia yake, na msomaji asishuku kwamba amefichwa kitu. Waandishi wa lugha nyingi wangeitamani nafasi hiyo.

La tatu ni methali. Mhusika anayejibu kila jambo kwa methali amegeuka doti ya khanga. Methali hufaa zaidi inapotumiwa vibaya, yaani mhusika anapoitamka ili kukwepa swali aliloulizwa, au anapoishia nusu kwa sababu ameona haimsaidii.

Katika mazungumzo ya wahusika nitumie Kiswahili sanifu au lugha ya mitaani?

Msimulizi wangu hutumia Kiswahili sanifu, na wahusika husema wanavyosema. Mvuvi wa Pemba hawezi kuzungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari, wala utingo wa matatu wa Nairobi hawezi kuzungumza kama mvuvi wa Pemba. Hata hivyo si lazima kuandika lahaja neno kwa neno. Maneno mawili au matatu yaliyowekwa mahali pake humtosha msomaji, naye atayasikia yaliyobaki kwa lafudhi hiyo hiyo.

Kitu ambacho waandishi wachanga huwa wanakisahau ni kwamba katika lugha yetu salamu na majina ya kuitana hufanya kazi ambayo kwingine ingehitaji aya nzima. Nani anampa nani shikamoo, marahaba imeitikiwa au imemezwa, mke anamwita mumewe "baba Asha" au kwa jina lake, mkwe anaketi wapi: hayo yote ni habari. Katika hadithi yangu moja kijana anaingia ukumbini na kumwamkia kila mtu mzima isipokuwa baba yake wa kambo. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima wa ugomvi wao. Niliufuta wote nikaiacha ile shikamoo isiyotolewa.

Majina ya wahusika huyachaguaje?

Tuna mapokeo marefu ya kumpa mhusika jina linaloeleza tabia yake, na Shaaban Robert aliyatumia kwa ustadi kwa kuwa hadithi zake zilikuwa za mafumbo. Katika hadithi ya watu wa kawaida mimi siyapendi. Mwalimu mwovu akiitwa Dhuluma, msomaji hana la kugundua. Huchagua majina ambayo familia ya aina ile, mahali pale na miaka ile, ingemwita mtoto wao, na huepuka majina mawili yanayoanza kwa herufi moja katika hadithi moja, kwani Salma na Salha huchanganywa hata na msomaji makini.

Rasimu ya kwanza inanikatisha tamaa. Unaisahihishaje?

Kwa kuifumua. Anayeshona anajua kwamba mshono uliopinda hauponi kwa kupigwa pasi. Nitaonyesha mfano kutoka hadithi iliyozaliwa na yule mzee wa Kange, niliyempa jina la Mzee Salehe. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mzee Salehe alikuwa na huzuni kubwa moyoni kwa sababu binti yake aliyeahidi kuja hakuja, na alijuta kulinunua godoro lile kwa fedha alizokopa."

Hakuna kosa la sarufi hapo, ila msomaji ameshapewa kila kitu na hana sababu ya kuendelea. Baada ya kufumua mara sita ilibaki hivi:

"Kondakta alimwuliza kama anapanda. Mzee Salehe alilitazama godoro kana kwamba ndilo lililoulizwa. 'La mwanangu hili,' akasema. 'Mwenyewe yuko njiani.' Akalifuta vumbi."

Neno huzuni limeondoka, na majuto yameondoka. Deni nalo limeondoka hapo, likahamia kurasa nne mbele, ambako aliyemkopesha anapita kwa baiskeli na mzee anageuza uso. Kila ninapokutana na neno linalotaja hisia ya mhusika huwa najiuliza mikono yake ilikuwa ikifanya nini wakati huo, na mara nyingi mikono huniambia zaidi. Baada ya hapo huisoma rasimu yote kwa sauti, nikiwa peke yangu, na palipo na sentensi inayonikata pumzi huweka alama. Sikio hugundua makosa ambayo jicho limeshayazoea.

Nimekwama katikati ya riwaya. Nifanyeje?

Rudi kurasa kumi nyuma. Mara nyingi kosa haliko pale uliposimama, bali pale ulipomlazimisha mhusika kutenda jambo kwa sababu wewe ulilihitaji. Mimi niliwahi kukwama kwa miezi mitano katika riwaya ya pili kwa sababu nilimfanya mhusika wangu asamehe mapema mno. Nilipomwondolea msamaha ule, sura tatu zilizofuata ziliandikika kwa majuma mawili.

Hadithi iwe na urefu gani?

Fuata masharti ya unakoipeleka. Kumbuka tu kwamba neno moja la Kiswahili, kama vile "hatukumwandikia", hubeba nafsi, ukanushi, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo idadi ya maneno yetu huonekana ndogo kuliko ya lugha nyingine zinazoyatenga hayo yote. Usiongeze maji kwa ajili ya kufikisha hesabu uliyoisoma kwenye mwongozo wa kigeni.

Nina kazi na familia. Nitaandika saa ngapi?

Huandika kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mteja wa kwanza kugonga na kabla ya watoto kuulizia chai. Ukurasa mmoja kwa siku ni wa kutosha, na siku nyingine haufiki. Naandika kwa kalamu, kwenye daftari ninaloliweka katika droo ya cherehani, kwa kuwa daftari halina habari na umeme kukatika. Sina ugomvi na wanaoandika kwa simu, lakini wahifadhi nakala mahali pengine: mimi nilipoteza sura tatu siku simu yangu iliponiponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, na hakuna wa kumlaumu ila mikono yangu yenye sabuni.

Wakati mwingine humkumbuka Shaaban Robert, ambaye amezikwa Machui, si mbali na hapa. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia forodhani, na vitabu vyake aliviandika akiwa na ajira ya kutwa. Alifariki mwaka 1962, na riwaya zake mbili, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilitoka mwaka 1968 bila yeye kuziona. Simtaji ili kumtisha mtu. Namtaja kwa sababu wengi huniambia wataanza kuandika watakapostaafu.

Itakuwaje ndugu na majirani wakijiona ndani ya hadithi?

Watajiona, hata usipowaweka. Katika riwaya yangu ya kwanza yumo mwanamke anayehesabu vijiko vya sukari wageni wanavyotia kwenye chai. Mama yangu mdogo alikisoma kitabu, akanuna, na hakutia mguu nyumbani kwangu tangu mwezi wa Rajabu hadi Iddi. Ukweli ni kwamba tabia ile nilikuwa nimeichukua kwangu mwenyewe, na ilibidi nikiri mbele ya watu ndipo akacheka.

Kanuni zangu ni chache. Huchanganya watu watatu katika mhusika mmoja, hubadilisha kazi na mji, na siri niliyoambiwa kwa kuaminiwa siitumii maadamu mwenyewe yu hai, hata kama ingeipamba hadithi. Kuhusu siri, najua waandishi wazuri wasiokubaliana nami, na kazi zao nazisoma kwa furaha, ila mimi lazima niendelee kuishi barabara hii hii.

Je, niepuke mambo ya mapenzi ili kitabu kisomwe shuleni?

Swali hili ni la fedha kuliko la maadili. Katika Afrika Mashariki soko kubwa la vitabu ni shule, na kitabu kikiteuliwa kusomwa shuleni mwandishi hupata mauzo ambayo maduka ya vitabu hayawezi kumpa. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tunajikata ulimi kabla hata mhariri hajafika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kusomwa humo humo. Ninachoshauri ni kuiandika rasimu ya kwanza kana kwamba hakuna shule yoyote duniani, kisha uamue kwa macho makavu ni kipi unakiondoa na kwa sababu gani. Kilichoondolewa baada ya kuandikwa huacha kivuli chake kwenye hadithi, lakini kile ambacho hukuthubutu kukiandika hakiachi chochote.

Kwa nini usiandike kwa Kiingereza, ambako kuna wasomaji wengi na fedha?

Kwa sababu watu ninaowaandika hugombana kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, na sioni dosari katika hilo, kwani ndiyo lugha aliyojikuta akiishi ndani yake. Mwaka uliofuata riwaya yake mojawapo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na nilipoisoma nilihisi kama mtu amerudi nyumbani na mizigo yake. Mimi sijasafiri hivyo.

Wachapishaji wamenikataa. Je, nikate tamaa?

Mchapishaji mmoja aliukalia muswada wangu kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akaurudisha bila barua, ukiwa na duara la kikombe cha chai kwenye ukurasa wa 14. Nililia siku moja, siku ya pili nikausoma, nikakuta ukurasa wa 14 kweli ulikuwa unachosha. Nilipopata mchapishaji mwingine nilikuwa nimeukata robo nzima.

Ukikubaliwa, dai mkataba wa maandishi na uusome. Uliza mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, unapigiwa hesabu kwenye bei ya kitabu dukani au kwenye kile anachobakiwa nacho mchapishaji, kwa sababu tofauti yake ni kubwa. Uliza pia haki zitakurudia lini kitabu kikiacha kuchapwa. Ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na fedha ya kwanza kabisa uitenge kwa ajili ya mhariri, kabla ya kufikiria jalada. Zipo pia tuzo zinazopokea miswada: Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hapa Tanzania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Nikimwonyesha mtu muswada, hataniibia wazo?

Sheria ya hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna ulivyoliandika. Ulinzi huo huanza pale kazi inapoandikwa, na kwa Tanzania hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi iwapo utatokea mgogoro. Wizi unaotuumiza zaidi ni wa kitabu kilichokwisha kutoka, kinapopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu aliwahi kunitumia riwaya yangu mwenyewe kwa njia hiyo, akanisihi niisome kwa kuwa ni nzuri sana.

Mwishowe yule mzee wa Kange alikuwa akimsubiri nani?

Katika hadithi anamsubiri bintiye anayerudi Lushoto baada ya kuachika, na godoro ni kwa sababu mzee anajua la kwake litabaki kwa mume. Niliiandika hivyo kwa muda wa miaka miwili, na kila nikipita Kange huangalia pale kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi. Siku hizi hukaa mama mmoja anayeuza karanga. Nimeshanunua karanga zake mara nyingi, na bado sijamwuliza kama aliwahi kumwona mzee mwenye godoro.